Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo chetu: msituombe majina ya waliosema

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mshauri wa Wanafunzi na wajumbe wa Kamati ya Nidhamu,

Yah: Waraka wenu kuhusu mazungumzo ya wanafunzi kwenye vimbweta

Shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kwa semista nne sasa nimekuwa mwezeshaji wa mazungumzo ya haki ya kijamii, yale ya Alhamisi jioni kwenye vimbweta, zile meza na viti vya saruji, vya nyuma ya maktaba. Waraka mlioubandika wiki tatu zilizopita nimeusoma mara nyingi kuliko noti zangu za UE, mitihani ya mwisho wa semista. Una mambo matatu. Tuombe kibali siku 14 kabla ya kikao. Mwezeshaji awe na daftari la mahudhurio lenye jina, namba ya usajili na namba ya simu ya kila aliyekuja. Na baada ya kikao alete ofisini muhtasari unaoonyesha nani alisema nini.

La kwanza sina ugomvi nalo. Siku 14 ni nyingi, saba zingetosha, lakini eneo ni la chuo na chuo kina haki ya kujua nani anakaa wapi na saa ngapi. Naandika kwa ajili ya hayo mawili mengine. Nawaombeni myafute.

Nikiri kwamba mkono unanitetemeka kidogo, maana barua ya wazi kwa mkuu wa chuo ina historia yake hapa nchini. Julai 1971, Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa DUSO, jumuiya ya wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alimwandikia barua ya wazi Pius Msekwa, Makamu Mkuu wa Chuo wa wakati huo, akilalamika kwamba chuo kinaendeshwa bila wanafunzi kusikilizwa. Alikamatwa, akarudishwa kwao Kenya, na wenzake wakagomea masomo. Ilikuwa miezi michache tu tangu TANU, chama tawala cha wakati huo, itoe Mwongozo, ule uliomkataza kiongozi kuwa na majivuno na kukandamiza anaowaongoza. Mimi si rais wa chochote wala siitishi mgomo. Na kwetu ni Kilosa, kwa hiyo mkiamua kunirudisha nyumbani ni nauli ya basi tu.

Nilivyoanza nilikuwa kituko. Sekondari nilikuwa msemaji mkuu wa midahalo, ile ya "Mwenyekiti, katibu, mtunza muda na wasikilizaji wote", na nilikuwa nashinda hata nikipangiwa kutetea kwamba maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Nikaja chuo na ugonjwa huo. Nilidhani kuwezesha ni kufundisha kwa sauti ya upole. Kikao changu cha kwanza kilihusu wafanyakazi wa ndani, na nilikiandalia kurasa nne. Nilikuwa na amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023, yenye kima cha chini cha Sh 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri wake. Nilikuwa na mifano na hasira za kutosha. Nikazungumza dakika 40. Nilipouliza kama kuna swali, kaka mmoja akanyoosha mkono akauliza tunasaini wapi. Alidhani ni semina ya mradi, kuna posho.

Aliyenizindua ni mama wa usafi. Muda wote ule alikuwa anafagia majani ya mwarobaini kati ya vimbweta, na katikati ya hotuba yangu nilimwomba asogee pembeni kwa sababu fagio lilikuwa linanikatiza. Watu walipotawanyika akanifuata. "Hongera mwanangu, umeongea vizuri," akasema. "Mimi nimefanya kazi za ndani miaka 11, Kariakoo na Tegeta. Hamkuniuliza." Akaendelea kufagia.

Sikulala vizuri usiku ule. Aibu yenyewe ilikuwa ndogo ukilinganisha na kilichonisumbua zaidi: kwamba nilikuwa nimemwona. Nilimwona, nikamfukuza, ili nipate nafasi ya kumtetea.

Rafiki yangu ndiye aliyenipeleka Mabibo, kwenye Semina za Jinsia na Maendeleo ambazo TGNP, mtandao wa kutetea usawa wa jinsia, hufanya siku za Jumatano. Nilitegemea kukuta wasomi mbele na wengine tukiandika. Niliwakuta watu wa mitaani wakibishana na wanasheria, na mwezeshaji amekaa kimya pembeni kana kwamba wamemsahau. Huko ndiko nilikolizoea neno uraghbishi. Asili yake ni Kiarabu, kutia hamu. Mraghbishi huwachokoza watu waliangalie jambo lao, waulize kwa nini liko hivyo na nani ananufaika, kisha wapange wenyewe cha kufanya. Majibu hatoi. Kwa mtu aliyezoea kushinda midahalo hiyo ni adhabu. Nikajiwekea zoezi: nikiuliza swali, nihesabu moja hadi kumi kabla ya kufungua mdomo tena. Jaribuni siku moja kwenye kikao cha Seneti. Ukifika sita unatoka jasho.

Baadaye nikasoma kwamba Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianzisha mwaka 1988 programu ya mazungumzo baina ya makundi, baada ya misuguano ya rangi pale chuoni, na kwamba wanaowezesha ni wanafunzi wenyewe, wawili wawili, kila mmoja kutoka upande wake wa jambo. Hilo la wawili tuliliiba mara moja. Na hapo ndipo nilipopangwa na mwenzangu, kijana wa Kibarabaig, kabila la wafugaji.

Anayeijua Kilosa ameshaelewa. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Sikuwa nimezaliwa, lakini nimelelewa ndani ya habari hiyo. Kijijini kwetu mtoto akichelewa kurudi kutoka shamba anatishiwa kwa Wamang'ati. Siku ya kwanza tunapanga kikao nikalitaja jina hilo bila hata kufikiri. Akaniuliza, taratibu kabisa, kama najua maana yake. Sikujua. Akaniambia ni neno la Kimaasai, maana yake adui, na kwamba kwao hawajiiti hivyo. Miaka 20 nilikuwa nalitamka nikidhani ni jina la kabila.

Kikao cha ardhi tulikiahirisha mara mbili, nadhani kwa sababu wote wawili tulikiogopa. Kilipofika walikuja wengi: wa Mvomero, wa Kiteto, wa Mbarali, na wa Dar ambao ng'ombe wanamjua kwa supu. Binti mmoja kutoka familia ya wafugaji akaeleza jinsi ng'ombe wa baba yake walivyokamatwa, wakafungiwa siku nyingi bila maji ya kutosha, wengine wakafa, na faini ikalipwa kwa kuuza waliobaki. Kuna kitu kikanipanda kifuani. Nilikuwa naziona ekari mbili za mahindi ya bibi yangu zilivyoliwa usiku mmoja, na bibi asubuhi yake amekaa kwenye tuta, hasemi. Hoja zilikuwa zimeshajipanga mdomoni. Nilikuwa na takwimu, na nilijua nikianza kuongea yule binti hatasema tena.

Nikamgusa mwenzangu, nikasema mbele ya wote: shika wewe, leo siwezi kuwezesha, mimi nina upande. Nikahama kiti. Nikanyoosha mkono kama wengine, nikasubiri zamu, nikaeleza habari ya bibi.

Mwenzangu alikuwa na nafasi nzuri ya kunijibu. Akauliza swali kwa wote: familia yako ilifikaje hapo ilipo leo? Tulizunguka mduara mzima. Zamu yake ilikuwa ya mwisho. Akasema babu yake hakuzaliwa Morogoro. Alitoka Hanang, kwenye malisho ya Basotu, ambako kuanzia miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, kwa msaada wa Canada, yalichukua ekari zipatazo 100,000 za nyanda ambazo Wabarabaig walikuwa wakichungia. Mimi Historia nilipata A. Ngano ya Hanang naikumbuka kama habari ya trekta na mavuno. Sikuwahi kujiuliza ng'ombe waliokuwa pale walikwenda wapi. Baadhi walikuja kwetu.

Msidhani tulikumbatiana. Yule binti na mimi hadi leo hatuelewani kuhusu fidia, na bibi hajalipwa hata debe moja. Lakini jioni ile nililiona jambo letu kwa upana ambao miaka saba ya shule haikunipa. Nililiona kwa sababu watu 30 walisema mambo ambayo hawasemi mbele ya mtu anayeandika. Kuna mmoja alisema wazi kwamba kiangazi kikikaza familia yao huingiza mifugo hifadhini usiku. Mwingine alikiri kaka yake alishiriki kukatakata ng'ombe wa watu kwa mapanga. Ningeyaandikaje hayo kwenye muhtasari wenu? Jina, namba ya usajili, kosa?

Kikao kinachonisukuma hasa kuandika barua hii ni kingine, cha nyuma kidogo, na sina cha kujivunia ndani yake. Mada ilikuwa rushwa ya ngono vyuoni. Mezani tulikuwa na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kinachofanya iwe jinai kwa mwenye mamlaka kudai ngono kama sharti la kumpa mtu haki yake. Mdogo wetu wa mwaka wa kwanza akaanza kuongea, akasita. Nami kwa kiherehere changu nikamwambia, ongea tu mdogo wangu, hapa uko nyumbani. Akasema sentensi mbili. Kisha akaiona simu ya mtu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, inarekodi. Akachukua begi lake, akaondoka.

Sijui alitaka kusema nini. Semista iliyofuata hakuonekana darasani kwao. Wapo waliosema amehama chuo, wapo waliosema ameahirisha mwaka. Huenda hakuna uhusiano wowote, nimejiambia hivyo mara nyingi. Ninachojua ni kwamba nilimwahidi usalama ambao sikuwa nao, na yeye akaniamini kwa muda wa sentensi mbili.

Tangu siku ile tuna kapu. La ukindu, tulinunua Mwenge. Simu zote zinaingia humo, ya mwezeshaji ikiwa ya kwanza. Hatumwombi mtu asimulie yaliyompata yeye. Akitaka atasema, na akikatisha tunamwacha. Majina ya wahadhiri hayatajwi, kwa sababu kimbweta si mahakama na mtuhumiwa naye ana haki zake. Mwenye shida inayohitaji hatua tunamsindikiza dawati la jinsia, tena tunamngojea nje. Kwenye rushwa ya ngono tunawezesha mwanamke na mwanamume pamoja. Hakuna aliyetufundisha sheria hizi. Zimetokana na watu tuliowaumiza.

Ndiyo maana daftari lenu linanitisha. Kwangu ni simu ile ile iliyoegemezwa kwenye chupa, ila hii ina mhuri wa ofisi. Mwanafunzi ambaye matokeo yake ya kozi yako mikononi mwa mtu fulani hawezi kuongea habari za mtu huyo huku akijua karatasi itapanda ngazi kwenda kwa wenzake. Hata kama ninyi wenyewe ni waungwana, na sina sababu ya kudhani vinginevyo, faili lina maisha marefu kuliko anayelifungua. Mwakani ofisi hizo zitakuwa na watu wengine.

Nawaelewa pia mlikotoka. Semista iliyopita kipande cha sekunde 30 kilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mwanafunzi akisema fedha za hosteli zinaliwa. Nasikia simu zilipigwa ofisini kwenu kutoka juu. Mimi nilikuwepo. Kipande kile kilikatwa. Sentensi iliyofuata alisema hana ushahidi, anachotaka ni kuyaona mahesabu. Aliyerekodi aliificha simu ya pili baada ya kuweka ya kwanza kapuni, nasi hatukugundua. Kosa hilo ni letu, na tumebadilisha utaratibu. Lakini angalieni mlichofanya: tatizo lilikuwa maneno ya mtu kutoka nje bila ridhaa yake, na dawa mliyoleta ni maneno ya watu wote kutoka nje bila ridhaa yao.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali, awaeleze kwa nini anazikusanya, na asichukue zaidi ya anachohitaji. Waraka hausemi daftari litatunzwa wapi, nani atalisoma, wala litachanwa lini. Ibara ya 18 ya Katiba, ya uhuru wa maoni, sina haja ya kuwakumbusha, mlitufundisha wenyewe kwenye kozi ya maendeleo.

Kisha kuna mama wa usafi. Nilimwomba radhi, ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri, na amekuja kwenye vikao vyetu mara tatu. Mara ya tatu tulirudi kwenye mada ya wafanyakazi wa ndani na tukamwomba awezeshe yeye. Alianza kwa kutuuliza jina kamili la dada aliyetulea. Wengi tulilijua jina moja tu, au tulimjua kama mama fulani. Kukawa kimya kuliko sekunde zangu kumi zote. Kaka aliyewahi kuuliza tunasaini wapi alitoka pembeni kupiga simu nyumbani. Sasa, mama huyu hana namba ya usajili. Ameajiriwa na mkandarasi ambaye mkataba wake na chuo unahuishwa kila mwaka. Mnadhani ataandika jina lake kwenye daftari linalokwenda utawala? Atachukua fagio lake aende upande wa pili wa maktaba, na mimi nitarudi kusoma kurasa zangu nne.

Hapo mlipo na uwezo wa kusaidia ni kwingine kabisa. Tuna mwenzetu kiziwi anayekuja kila wiki. Rafiki yake ndiye anayemtafsiria, bure, na baada ya saa moja mikono inamchoka. Kuna siku tulikuwa tunabishana kwa bidii kuhusu haki za watu wenye ulemavu, akagonga meza. Rafiki yake akatutafsiria: anauliza kwa nini mnamjibia. Chuo kina wakalimani wa lugha ya alama kwa ajili ya mihadhara. Tukipata mmoja kwa saa mbili za Alhamisi, hilo litakuwa jambo kubwa kuliko waraka wowote. Na taa ya upande ule imeungua tangu Novemba. Dada zetu wa hosteli za nje wanaondoka mapema kwa sababu ya giza, kwa hiyo mazungumzo yakishapamba moto wanabaki wanaume.

Kama mnahitaji kitu cha kuweka kwenye faili, nitawaletea karatasi moja kila mwezi: mada, idadi ya waliohudhuria, na maswali ambayo kundi limeona uongozi uyajibu, bila jina la yeyote. Jina langu litakuwa chini yake pamoja na namba yangu ya usajili. Kukitokea vurugu, mnaye wa kumwita.

Alhamisi ijayo tunazungumzia bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi: Sh 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, nani anaipata, nani ameikosa, na anayeikosa anaishi vipi hadi semista inaisha. Nawaalika. Tunaanza saa 11 jioni. Njooni kama washiriki, bila kiti cha mbele na bila mtu wa itifaki, na msihangaike kujibu siku hiyo hiyo. Zamu ya kuongea itawafikia kama inavyomfikia kila mtu. Vimbweta ni vya saruji na saa hizo vinakuwa bado na joto, kwa hiyo chukueni gazeti la kukalia. Simu mtaziweka kapuni.

Wenu katika masomo,
Mwezeshaji, mwaka wa tatu